Nilipeleka mutoto wangu mwenyewe ku polisi bamufunze adabu, sasa naomba mawazo yenu

Mama wa Batatu

Jambo bandugu na badada bote. Niko muzazi, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, batoto yangu ni tatu na huyu wa kwanza eko na miaka 15, ni juu yake naandika. Naomba musinitukane kwanza, musome mpaka mwisho.

Tangu bwana yangu alipata kazi ku Kolwezi, mwaka inapita sasa, anakuja nyumbani mara moja mu miezi mbili, anakaa siku tatu anarudia. Mutoto alianza pole pole. Kwanza ilikuwa masomo, anatoka asubuhi na inifome, kisha prefe, mukubwa wa masomo, ananiita kuniambia hajamuona wiki nzima. Halafu kundi ya benzake kule ku tere, ku uwanja, beko kama munane, wa miaka 12 mpaka 16, banatupa mawe ku malata ya bantu, banatukana bamama benye banapita na mabeseni, mangaribi banapokonya badada telefone. Kila mara nikiuliza, jibu ni moja, "siko mimi mama, ni benzangu".

Wiki tatu zinapita balipindua meza ya muzee moja mwenye anauzisha inite za kupigia telefone na kusharje telefone za bantu ku kona ya avenyi yetu. Parasoli ilivunjika, na telefone tatu zilipotea, tena si zake, ni za bantu benye waliziacha pale zisharjiwe. Muzee alikuja ku lupango yangu saa mbili ya usiku. Hakupiga makelele. Alisimama ku mulango na patapata moja mu mukono akasema, mama, hii niliiokota chini ya meza yangu. Niliijua hiyo patapata, kamba yake ni mimi mwenyewe nilishona.

Nilimupiga mutoto. Nikanyanyua mukono mara ya pili, akaushika. Hakunirudishia, hakunisukuma, alishika tu mukono yangu ikiwa juu akaniangalia, na mimi nikaona sina nguvu tena mu nyumba yangu.

Kesho yake njo nilienda ku polisi, hakuna mwenye alinituma. Kuna polisi moja tunajuana, nilimuelezea, nikamupa falanga elfu makumi mbili, nikasema muje mumukamate, mumupige fimbo kumi, alale kule usiku moja ajue dunia iko namna gani. Fimbo kumi, ni mimi nilihesabu. Balikuja alfajiri, na mimi njo nilifunga mulango ya nyuma kusudi asikimbie. Usiku moja ikakuwa tatu, kila siku kuna makuta ya kuongeza, ya makaratasi, ya mukubwa, ya kufungua. Alilala na bantu bakubwa mu chumba moja yenye ndoo moja. Wakati alitoka alikuwa anatembea kama muzee.

Sasa eko kimya. Anasalimia, anaosha masahani, anaenda masomo. Bajirani banakuja kunipongeza, moja akaniomba namba ya ule polisi. Lakini mutoto haniangalie tena mu macho, akitaka kintu anatuma dada yake mudogo aniambie. Na ule muzee wa inite mpaka leo hajapata ata falanga moja, anakaa ku jua bila parasoli na mimi nikienda soko napita njia ingine.

Nilikosea ao sikukosea? Na ule muzee nimufanyie nini?

Tata wa komine Kenya

Mama, ondoa wasiwasi kabisa. Mutoto anasalimia, anaosha masahani, anaenda masomo, sasa unalia nini? Sisi tulipigwa na baba, tukapigwa na mwalimu, tukapigwa na jirani mwenye alitukuta ku barabara, na tukifika nyumbani kusema jirani alitupiga tunaongezewa. Leo mutoto wa miaka 13 anasimama na upanga mbele ya duka na bantu banasema ni mineri, hajafika miaka 18, musimuguse. Mimi niliona ile video yenye inazunguka mu WhatsApp, bale batoto balilazwa chini bakachapwa mbele ya bantu, na nilisema Mungu asaidie bale polisi. Mu karitie yetu, hapa komine Kenya ya Lubumbashi, tangu ile siku tunalala.

Huyu muzee mulipe pole pole, lakini juu ya mutoto usijute.

Yaya wa Ruashi

Mama wa Batatu, pole sana dada yangu.

Mimi naona hapa bantu batakuja na ile methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kila mara mutoto akiharibika njo banatutupia. Basi mimi nauliza kitu moja tu, baba yake alisema nini? Eko Kolwezi, sawa, kazi ni kazi. Lakini ana telefone. Mutoto aliacha masomo wiki nzima, baba alijua? Mulipanga pamoja ile maneno ya polisi ao ulibeba yote peke yako? Sikulaumu, na mimi bwana yangu eko ku mupaka Kasumbalesa anavusha mizigo, najua kulea peke yako na watu banasema tu "mama yake anamudekeza".

Afande wa Zamani

Mama, nilifanya polisi miaka 22, leo niko nyumbani na magoti inauma, nitakuambia yenye naijua na bengine bataniona mubaya.

Bazazi kama wewe nilibapokea bengi. Siku ya Juma tatu njo balikuwa bengi zaidi, juu mwisho wa wiki mutoto alikunywa lutuku, ile pombe kali, ao alilala inje. Bamama banalia, batata banakasirika, bote banasema maneno moja: mumufunze adabu. Na sisi tulikuwa tunabafunza. Mushahara inachelewa, muzazi analeta makuta, mutoto eko pale, nani atakataa. Nilichapa batoto ba bantu mimi mwenyewe, siwezi kuhesabu. Na kama naongea kweli, bengi niliokutana nabo tena nilikutana nabo mu kasho ileile, chumba ya kufungia bantu, bakiwa bakubwa, na makosa yenye haiko tena ya kupindua meza. Kimya yenye unaona kwa mutoto wako sasa, mimi niliiona mara mingi. Inakaa mwezi moja, miezi mbili. Kisha mutoto anajua kasho iko namna gani na haiogope tena, na mule ndani alishakupata bakubwa benye banamuita mudogo.

Sasa sheria. Kuna sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009. Mutoto wa chini ya miaka 14, mu mambo ya penale hakuna kumuhukumu hata kidogo, sheria inamuhesabu kama hana akili ya kosa. Kuanzia 14 mpaka hajatimiza 18, mwenye kumuhukumu ni tribinali ya watoto peke yake. Kazi ya polisi akimukamata ni kujulisha bazazi palepale, kumutenga na bakubwa, kumupeleka kwa benye kazi ya batoto na kwa majistra. Na juji wa batoto anaweza kumukaripia na kumurudisha kwa bazazi na amri bamuchunge vizuri, anaweza kumuweka kwa familia ingine yenye tabia nzuri, anaweza kumupeleka ku senta ya kurekebisha. Fimbo haimo. Hata moja.

Na hii njo nataka uelewe, mama, nikiiwaza ile siku tatu sipate usingizi juu yako. Katiba inasema muntu hawezi kukaa mu mikono ya polisi kupita saa 48 bila kufikishwa mbele ya majistra. Lakini mutoto wako hakuwa na hata hizo saa 48 zenye kumulinda, juu hakuna dosye. Ulimupeleka kwa makubaliano. Hakuna PV, ile karatasi ya polisi ya kuandika maneno, hakuna jina yake mu rejista. Kama usiku wa pili kitu kingemupata mule ndani, makaratasi ingesema hajafika kule.

Mama wa Batatu

Afande, nimesoma hiyo ya mwisho mara tatu. Sikujua. Nilifikiri polisi ni polisi, akiwa kule eko mu mikono ya Leta, ya serikali.

Yaya wa Ruashi, baba yake alijua kisha. Nilimuita siku ya pili kumuomba makuta ya kuongeza.

Kambisti wa Soko

Munaongea mutoto, mutoto, mutoto. Na ule muzee je?

Mimi nabadilisha makuta barabarani, nakaa na meza sawa yeye. Bakikuibia unaenda ku polisi unalipa wewe mwenyewe mafuta ya pikipiki ya kumutafuta mwizi, bakimukamata anasema eko na miaka 16, siku tatu unamuona ku kona anakuchekelea. Muzee wa watu anadaiwa telefone tatu na benye telefone, na bale benye telefone hawaelewe mambo ya mineri, beye banataka telefone yao. Pengine muzee alishalipa kwa makuta yake ya kula. Mama umesema mwenyewe unapita njia ingine. Hapo njo kosa lako, kuliko ile ya fimbo.

Mawazo yangu iko wazi, mutoto akiharibu, mukamate baba na mama muweke ndani mpaka balipe. Siku moja tu ya hiyo, utaona bazazi bote ba Katuba banachunga batoto yabo.

Mwanafunzi wa Sheria UNILU

Kaka Kambisti, naelewa uchungu wako na nusu ya mambo uliyosema iko kwenye sheria, nusu ingine inakatazwa, acha nitenganishe.

Kulipa: ndiyo. Tuna Code ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, bado inatumika, na artikle 260 ndani yake inasema muntu anajibu si kwa uharibifu wake tu, anajibu pia kwa uharibifu wa watu walio chini yake. Inataja baba na mama kwa ajili ya watoto wanaokaa nao. Mzazi anaweza kujitoa tu akionyesha kwamba hakuweza kuzuia lile jambo. Kwa hiyo mzee wa inite akienda tribinali kudai parasoli na telefone tatu, anadai kwa wazazi.

Kufungwa: hapana. Katiba ya 2006, artikle 17, inasema kosa la penale ni la muntu mwenyewe, hakuna anayeweza kukamatwa ao kufungwa kwa kosa la mwingine. Hii mambo ya kufika nyumbani kumtafuta kijana, kijana amekimbia, wanabeba mama yake wanamuweka kashoni mpaka kijana ajitoe, tunaiona kila siku hapa Lubumbashi na watu wanafikiri ni sheria. Si sheria. Mama anaweza kudaiwa, hawezi kuwa rehani.

Tena iko njia ya katikati ambayo watu wengi hawaijui. Ile sheria ya 2009 imeweka mediasiyo, yaani kwa makosa madogo mutoto, wazazi wake na mwenye kuharibiwa wanakaa pamoja na watu wa kupatanisha, wanapatana namna ya kurudisha. Meza iliyopinduliwa ni mambo ya namna hiyo kabisa.

Kambisti wa Soko

Sawa mwanafunzi, nimekuelewa. Lakini mediasiyo bila makuta ni maneno matupu, muzee hale maneno.

Niko 20

Mama shikamoo. Sijazoea kuandika hapa, nasomaka tu.

Mimi nilipigwa ku polisi nikiwa na miaka 13. Niliiba radio ya jirani nikauzisha. Kosa ilikuwa yangu na nililijua. Polisi haikunipiga kupita kiasi, bakubwa benye tulilala nabo banaona mambo mubaya zaidi, nilipona mu wiki moja. Lakini baba yangu alikuwa amesimama pale, na ni yeye alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika tano sauti yake ilibadilika nikafikiri sasa atasema basi, akaendelea mpaka kumi na tano juu balipatana kumi na tano.

Baba bado muzima, tunaishi naye, namupa heshima, nikipata makuta namuletea. Lakini tangu ile siku nikiwa na shida simuendee. Mwaka uliopita nilikuwa mugonjwa sana nikaenda kukaa kwa rafiki nisimuambie. Hajui ni kwa nini, na mimi sijui namna ya kumuambia.

Mama, mutoto wako hakasirikie polisi. Polisi ni polisi. Anawaza ile mulango ya nyuma. Umuombe musamaha juu ya mulango, ya muzee yeye mwenyewe aombe, hizo ni mambo mbili.

Yaya wa Ruashi

Mudogo wangu, Mungu akulinde. Nimelia hapa.

Mwana Jekamine

Nimezaliwa mu kambi ya Jekamine, ile kampuni ya Leta ya migodi, baba alifanya kazi pale tangu bujana wake. Nataka kuongea juu ya ile "zamani tulipigwa na kila muntu" ya Tata wa komine Kenya, juu na mimi nilikuwako na haikuwa fimbo peke yake.

Kule kambi mutoto akikosa masomo hawakuanza na mutoto. Balimuita baba. Mukubwa wa kambi anatuma muntu ku kazi kumuambia baba, kesho ufike biro. Baba yangu alirudi siku moja juu mimi nilitupa jiwe ku kioo ya dispansari, alivaa shati nyeupe akaenda pale kama muntu anaenda tribinali, nilikuwa nyuma yake. Balimuuliza yeye mbele yangu, bwana fulani, mutoto wako anatoka nyumbani saa ngapi, anarudi saa ngapi, nani anamuona. Baba alijibu kila swali. Kioo ilikatwa ku mushahara yake. Hakunipiga ile siku. Mwezi mzima nikiona tumepunguza nyama nilijua ni kioo yangu tunakula.

Kampuni ilikuwa mukali, inaingia mpaka mu sufuria ya mama, sitaki kuisifu yote. Bazee balikuwa banasema kazi njo baba, kazi njo mama, na ilikuwa kweli mpaka ikakuwa mubaya, juu siku kazi ilikufa baba na mama balikufa nayo. Mu 2003 bantu 10,655 balitoka Jekamine mu ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, bakapewa makuta mara moja, na baba yangu alikuwa mu hao. Alikaa ku kiti mbele ya nyumba. Mama akaanza kuuzisha unga ya bukari na makala, na wadogo zangu waliokuwa na miaka 8, 10, waliacha kumusikiliza baba, si juu alikuwa mubaya, walimuona anaomba mama makuta ya sigara. Hapo njo fimbo iliingia kwetu. Mbele ya 2003 simukumbuke baba na mukanda mu mukono.

Kwa hiyo bakiniambia batoto ba leo beko bila adabu juu fimbo ilipotea, mimi naona kinyume. Fimbo ilikuja wakati ile ingine yote ilipotea. Na mukumbuke ile tablo bazee balikuwa bakitundika mu salo, polisi anachapa mufungwa amelazwa chini na mukubwa muzungu anaangalia. Kila nyumba ilikuwa nayo. Hawakuitundika kusema ni muzuri. Leo tunatengeneza ileile na telefone na tunaipigia makofi.

Tata wa komine Kenya

Mwana Jekamine, umenigusa ku hiyo tablo, baba yangu alikuwa nayo na tuliogopa kuiangalia usiku.

Lakini siwezi kukubali yote. Ku kambi kulikuwa na biro. Leo nitamuita baba wa nani ku biro gani? Ule mutoto mwenye alikuja na upanga, tulienda kwao, tukakuta bibi ya miaka 70 na batoto saba ba batoto yake, baba moja alikufa, ingine eko Angola, ingine hajulikane. Bibi alitupa kiti akalia. Tumudai bibi? Njo maana bantu banaita polisi. Si roho mubaya, ni kukosa fasi ya kugonga.

Mwana Kamalondo

Tata, hiyo ni kweli, na hapo njo hatari inaanza. Mimi nilikuwa Kinshasa mu 2013 wakati balianzisha Likofi, ile operesheni ya polisi juu ya bakuluna, makundi ya vijana benye banashambulia bantu na panga. Mwanzo karitie nzima ilishangilia, mimi pia, tulikuwa tunaogopa kutoka saa moja ya mangaribi. Kisha banachukua kijana usiku, asubuhi mama anamuokota mbele ya mulango. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwezi wa 11, 2014, ilisema vijana 51 hivi waliuawa kwa uchache na 33 walipotea, na ndani yao kulikuwa batoto ba chini ya 18. Mu avenyi yetu moja alikuwa fundi wa viatu, hakuwa kuluna, alifanana tu. Na bakuluna? Mwisho wa 2024 Leta ilianza operesheni ingine juu yabo, bakawapeleka bengine kwa ndege mpaka gereza ya Angenga. Miaka kumi na moja kisha, maneno ileile.

Mukizoesha polisi kwamba mutoto anaweza kuchukuliwa bila karatasi juu muzazi amesema ndiyo, siku muzazi atasema hapana hawatamuuliza.

Mutoto wa Birere

Mimi niko Goma, huku kwetu watoto wa barabarani tunawaita maibobo, na nimefanya nao kazi ya kujitolea miaka kadhaa. Jambo moja tu. Wengi niliowauliza "ulitoka nyumbani lini" walinitajia siku ya kupigwa ao siku ya kufukuzwa, wachache sana walitaja njaa peke yake. Mama wa Batatu, mtoto wako bado analala kwako. Hiyo ni mali kubwa sana, usiichezee.

Halafu naona hakuna aliyeuliza: wale wengine saba je? Wazazi wao wako wapi? Meza haikupinduliwa na mtoto mmoja. Ukienda peke yako kulipa, wale saba wanajifunza kwamba mwenye kuangusha patapata njo mjinga.

Afande wa Zamani

Huyu wa Goma amesema ya maana. Mama, usirudi ku polisi na hii. Nenda kwa shefu wa avenyi, umuambie aite bazazi bote ba hao batoto, siku moja, saa moja, muzee wa inite akiwepo. Polisi ikiingia mu mambo ya deni kila muntu atalipa mara mbili. Na muandike, hata ku kaye ya mutoto, nani atalipa nini na siku gani, bote batie saini. Mukishindwana njo muende kwa benye kazi ya batoto na tribinali, na pale muombe ile mediasiyo kijana wa UNILU alisema.

Mama wa Batatu

Asante bote. Nimeenda kwa shefu leo asubuhi, amesema Juma pili kisha misa. Nitarudi kuwaambia.

Niko 20, juu ya mulango bado sijaweza. Nilimuita jana, akaja akasimama, nikamuomba anisaidie kunyanyua mufuko ya makala.

Mama wa Batatu

Narudi kama nilivyosema, samahani nimechelewa, kwetu hakukuwa na kurent, umeme, siku nne.

Bazazi ba batoto munane, balikuja batano. Moja alituma muntu aseme mutoto wake hakuwepo. Bale bengine bawili hatukupata hata jibu. Shefu aliweka kiti ya muzee wa inite katikati na batoto balikaa chini ku mukeka. Mwanzo ilikuwa mubaya sana, kila mama anasema ni mutoto wa fulani njo anaharibu wa kwangu, na mimi nilisema hivyo pia, sifiche. Baba moja alisimama akataka kupiga mutoto wake palepale mbele yetu aonyeshe kwamba eko muzazi. Muzee njo alimuzuia. Alisema, baba, sikuja kuona mutu analia, nilikuja juu ya telefone.

Kisha akatueleza kitu sikujua. Telefone moja alishalipa, mwenyewe ni polisi, alimutishia, akauzisha baiskeli yake. Ya pili ni ya mama mwenye anauzisha samaki ku soko, yeye anangojea, kila asubuhi anapita anauliza "bado?" halafu anaenda. Ya tatu ni ya mwanafunzi, ndani yake kulikuwa na nota zake zote za mutihani. Batoto balisikia hiyo. Niliwaangalia. Mu wiki tatu hizi zote, ku kasho na nyumbani, hakuna muntu alikuwa amewaambia telefone zilikuwa za nani.

Moja, mudogo kuliko bote, wa miaka 12, akasema palepale, ile ya mama wa samaki iko kwa kaka fulani ku tere, hajauzisha. Tuliipata mangaribi ileile. Skrini imepasuka lakini inawaka.

Tuliandika ku kaye kama Afande alisema. Parasoli na baiskeli, bazazi batano tunagawa, kila mwezi, na bale batatu benye hawakuja shefu ataenda nyumbani kwabo na kaye. Muzee alikataa batoto kuja kumufanyia kazi bote pamoja, alisema batanifukuzia bakiliya, lakini alikubali mbili kwa zamu, asubuhi kubeba meza na batri kutoka kwake mpaka ku kona mbele ya masomo, na mangaribi kuirudisha. Wangu alipewa wiki ya kwanza.

Juu ya mulango. Nilimuambia Juma ne usiku, dada yake amelala. Nilikuwa nimepanga maneno mingi, yote ikanipotea, nikasema tu, mulango ya nyuma nilifunga mimi, na sitaifunga tena namna ile. Alikuwa anaosha masahani. Akasema, najua ni wewe, nilisikia funguo. Halafu akaniuliza kama nililipa makuta ngapi. Nikamuambia yote, elfu makumi mbili na ile ya kuongeza. Akahesabu akasema hiyo ingelipa parasoli. Akaendelea kuosha.

Bado haniangalie sana. Lakini maneno anakuja kuniambia mwenyewe, hatume tena mudogo.

Baba yake nilimusomea kaye ku telefone, ukurasa yote, akakuwa kimya mpaka nikafikiri risau imekatika. Alisema atateremuka Ijumaa na busi, juu ya ile telefone ya mwanafunzi yenye haijapatikana, anataka kuongea na ule mwanafunzi yeye mwenyewe, na mutoto akiwepo. Mama wa samaki alipita leo asubuhi ku kona. Mutoto wangu njo alikuwa anapanga batri. Alimupa telefone yake ku mukono, mama akaiangalia pande zote, akauliza nani aliipasua.